Sentensi Zinazoinua Kofia

Katika saluni ya Arlys Kucera, hapa kwetu Wexley, Nebraska, insha ya mtoto haikupelekwa kwa mwalimu kabla haijapita mbele ya kofia tatu. Nazungumzia kofia za draya, mashine za kukaushia nywele, zile kubwa zinazoshuka kichwani na kunguruma. Kila Alhamisi alasiri chini yake walikaa wanawake wale wale watatu, roli kichwani, gazeti mapajani. Mtoto alisimama mbele yao na karatasi zake, akasoma kwa sauti ya kushindana na mngurumo. Sentensi ikiwa tamu, kofia moja iliinuliwa ili mwenyewe asikie vizuri. Ikiwa chapwa, kofia zilibaki chini na kurasa za magazeti zikafunuliwa. Naye Arlys, mikono yote miwili kichwani kwa mtu, alisema tu, "Hiyo kata. Haikuinua kitu."

Mimi nilikuwa muosha nywele wake miaka kumi na tisa, na nasema bila haya kwamba sijawahi kufurahi kazini kama Alhamisi zile. Nakumbuka mtoto mmoja aliyeandika kurasa mbili kuhusu umuhimu wa mvua kwa mkulima. Kofia kimya. Ukurasa wa tatu akateleza, akaandika kwamba mvua ilipokuja baada ya wiki saba za ukame, baba yake alitoka nje na chupi tu akasimama katikati ya mahindi. Kofia tatu zikapanda kwa pamoja.

"Anzia hapo," Arlys akamwambia. "Kurasa zile mbili ulikuwa unakohoa tu."

Mtoto alipata alama nzuri kuliko darasa zima. Baba mtu hakukanyaga mjini wiki nzima.

Arlys hakugusa kalamu ya mtoto hata siku moja. Alikuwa na maswali matatu, na watoto waliyajua kama sala: Ulikuwa wapi? Ulinusa nini? Nani mwingine alikuwepo? Ukishindwa kuyajibu, ulirudi kwenye benchi karibu na mashine ya soda ukaandike upya. Alianza mambo hayo bila kukusudia mwaka wa 1974, binti mmoja alipomsubiri mama yake huku akilia juu ya kazi ya Kiingereza. Kufikia mwaka 1998, ambao ndio nausimulia, walikuwa wakija hadi tisa kwa siku, na shule yenyewe iliwahesabia alama kwa saa walizokaa kwetu. Arlys alikuwa na miaka hamsini na tano wakati huo, mfupi, mjane wa fundi wa matrekta, mwenye kicheko cha kuvunja vikombe.

Mwezi wa tatu akaja mkuu mpya wa shule, mtu mpole mwenye tai. Alimshukuru Arlys, akala kolache mbili, vile vimkate vitamu vya plamu, halafu akatoa barua. Kuanzia Agosti, shule ingewahesabia watoto saa zile endapo tu anayewasaidia ana cheti cha sekondari. "Wewe lete nakala yako tu," alisema. "Ni utaratibu."

"Bila shaka," Arlys akajibu, na akampa kolache ya tatu ya kwenda nayo.

Siku ile tulipofunga, alikaa kiti cha kuoshea akalaza kichwa kwenye beseni nimwoshe. Mtu akilaza kichwa pale na macho yakitazama dari, husema yaliyomo moyoni. Mimi nimesikia maungamo mengi kuliko padri.

"Berna," akasema, "sina."

"Huna nini?"

"Cheti. Sikumaliza. Nilikosa mtihani mmoja."

"Upi?"

"Wa Kiingereza."

Nikasahau bomba, maji yakamwingia sikioni. "Wewe? Kiingereza?"

"Cheka tu. Usijizuie, utapasuka."

Nikacheka hadi nikakaa sakafuni, naye akacheka kichwa kikiwa bado kwenye beseni, povu likaruka hadi kwenye kioo. Tulipomaliza kucheka alijifuta povu machoni.

"Wakiniondolea watoto, Berna, nitabaki na vichwa tu," akasema.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama, Mungu amrehemu. Na sasa wewe, Mungu anisaidie."

Mji mzima ulijua kwamba Arlys hakuonekana kwenye mahafali ya mwaka 1961, lakini sababu yake ilikuwa nyingine kabisa. Ilisemekana siku ile alitoroka na mvulana mwenye pikipiki, akarudi jioni, na cheti akaletewa kwa posta. Arlys hakukanusha. Kuwahi kutoroka na pikipiki si jambo baya kwa msusi.

Basi akajiandikisha masomo ya watu wazima katika chuo cha mji wa jirani, mwendo wa dakika hamsini. Kila Jumanne alifunga mapema, akaniagiza niseme ameenda kwa daktari wa meno. Kufikia Mei kila mtu aliamini hana jino lililosalia, na Bi. Lavonne, mmoja wa wale watatu wa kofia, alikuwa akimletea supu. Mimi siri huniwasha kama upele. Nilikuwa nikiimba wakati wa kuosha ili mdomo uwe na kazi.

Hesabu alifaulu. Historia alifaulu. Sayansi alifaulu kwa kuandika habari za dawa za nywele. Ikabaki insha ya Kiingereza, kurasa tatu kuhusu siku moja iliyobadili maisha yake, ikabidhiwe mkononi mwa mwalimu Ijumaa ya mwisho ya Mei, saa nne kamili asubuhi. Ukichelewa, ungoje hadi Januari. Na Januari watoto wangekuwa wameshahamishwa.

Wiki moja kabla, Alhamisi, alimpa karatasi zake Yaretzi Olvera. Yaretzi alikuwa na miaka kumi na saba. Aliletwa Wexley na wazazi wake, wafanyakazi wa kiwanda cha nyama, akiwa na miaka kumi na bila neno la Kiingereza, na sasa alizungumza kuliko redio.

"Isome hii," Arlys akamwambia. "Ni ya binamu yangu wa Lincoln. Anataka maoni."

Yaretzi akasimama mbele ya kofia. "Elimu ni ufunguo wa maisha," akasoma. "Tangu zama za kale, mwanadamu ametafuta maarifa."

Bi. Lavonne alifunua ukurasa. Bi. Maxine alilala mdomo wazi. Bi. Coralee Bruhn alinyoosha mkono aletewe gazeti jingine. Yaretzi alivumilia hadi mwisho, maana ni mtoto mwenye adabu, kisha akashusha karatasi.

"Bi. Arlys, huyo binamu yako mzima kweli?"

"Kwa nini?"

"Hii imeshakufa. Tuite mchungaji."

Bi. Lavonne alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona Arlys akichana mahali palipokwisha chanwa, mara ya tatu, mara ya nne.

"Labda anaogopa," Arlys akasema.

"Anaogopa nini, karatasi?" Yaretzi akamrudishia kurasa zake. "Mwambie hivi: alikuwa wapi, alinusa nini, nani mwingine alikuwepo. Kwani huyo ndugu yako hajakutana na wewe?"

Nilidhani Arlys angekasirika. Badala yake alitoa kile kicheko chake cha vikombe, akaweka karatasi zote kwenye pipa la nywele.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kukabidhi. Insha mpya ilikuwa ndani ya bahasha, na nilikatazwa kuigusa. Kofia zilikuwa chini. Bi. Coralee hakuwa na roli siku hiyo. Alikuwa na dawa ya kupausha kichwani, chini ya mfuko wa plastiki, kwa sababu Ijumaa saa tano asubuhi alikuwa akipigwa picha ya albamu ya kanisa pamoja na mumewe Delmar. Albamu ile hutolewa kila baada ya miaka mitano, na ukitoka vibaya, umetoka vibaya miaka mitano. Coralee alikuwa akitafuta nywele za rangi ya asali tangu utoto. Nilitega saa ya jikoni yenye umbo la kuku. Ikilia, nimwoshe, bila kuchelewa hata dakika.

"Binamu amerekebisha," Arlys akasema, na kumpa Yaretzi bahasha.

"Afadhali," Yaretzi akasema. Akasoma: "'Asubuhi ya mtihani wangu wa Kiingereza nilikuwa na pini kumi na nne mdomoni, na jiko la mama lilinuka bia.'"

Kofia ya Lavonne ikapanda. "Lilinuka nini?"

"Bia, Bi. Lavonne. Ngoja. 'Tuliseti nywele kwa bia iliyochacha, kwa sababu ilishika kuliko dawa ya dukani. Walikuwa wasichana kumi na mmoja, wote wa kuhitimu mchana ule, na mimi wa kumi na mbili.'"

Kofia ya Maxine ikapanda, roli zikigongana. "Jiko hilo nalijua. Mimi nilikaa juu ya friji."

"Kaa chini, Maxine, unadondosha maji," Arlys akasema bila kugeuka. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti kitupu akishika kitana, hana mtu wa kumchana.

Yaretzi alimtazama Arlys, akatazama karatasi, na nikaona jambo linamwingia kichwani. Tangu hapo alisoma polepole, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa.

"'Wiki ya mitihani nilikuwa nimelala na matubwitubwi. Kwa hiyo mwalimu alinipangia mtihani peke yangu, saa tatu asubuhi ya siku ya mahafali. Sikumwambia mtu. Nilipiga hesabu kwamba saa mbili na nusu nitakuwa nimemaliza vichwa vyote. Saa mbili na robo mlango ulifunguliwa, akaingia wa mwisho, taulo kichwani. Alikuwa amejipausha mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile. Alipofungua taulo, nywele zilikuwa rangi ya boga. Alikaa juu ya ndoo ya maziwa, akalia.'"

Kofia ya Coralee ilipanda taratibu kuliko zote.

Yule kuku akalia. Namwapia Mungu nilimsikia. Nilinyoosha mkono nikamzima kama mtu anavyompiga mbu, nikaendelea kusikiliza.

"'Saa tatu ilipogonga, kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kumwacha. Nimejiuliza miaka thelathini na saba, na jibu ni lile lile, ningebaki. Hilo silijutii. Ninalojutia ni kwamba kila mwaka ningeweza kurudi, na kila mwaka niliona haya. Mchana nilikaa kwenye lori la baba, nje ya uwanja wa shule, nikatazama. Nywele nilizojenga zilipanda juu mno. Kofia za mahafali zilikataa kukaa. Zilidondoka moja baada ya nyingine, zote kumi na moja, hadi mkuu wa shule akainama kuziokota. Nilicheka sana hata nikaegemea honi.'"

"Ile honi," Maxine akasema. "Ile honi ilikuwa wewe?"

"'Nilikuwa nalia pia, lakini honi ilifunika.'" Yaretzi akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi. "Basi. Imeisha hapo."

Draya tatu zilinguruma juu ya hewa tupu. Wote watatu walikuwa wamesimama.

"Arlys," Coralee akasema.

"Nipo."

"Mimi ndiye wa ndoo ya maziwa."

"Ndiyo, mwenzangu."

"Miaka thelathini na saba nawaambia watu ulikosa mahafali kwa ajili ya mvulana mwenye pikipiki."

"Sijawahi kuwa na mvulana mwenye pikipiki."

"Najua. Pikipiki niliiongeza mwenyewe. Nilidhani inakupendezesha."

Hapo ndipo tulipoharibika. Lavonne alicheka hadi roli mbili zikafunguka. Maxine alilia huku akicheka na kumlaumu Yaretzi kwa yote mawili. Arlys alikuwa ameshika kiti kile kitupu, mabega yakimcheza, na Coralee akaenda kumkumbatia, mfuko wa plastiki ukichakacha sikioni mwake. Kisha Arlys akanusa. Akanusa tena.

"Berna," akasema. "Kuku."

Tulimkimbiza Coralee kwenye beseni kama watu wa zimamoto. Niliosha, nikaosha, na nilichokuwa nikiomba Mungu kisitokee kikatokea. Nilizifuta kwa taulo. Coralee alijitazama kwenye kioo.

"Boga," akasema.

"Boga," Lavonne akakubali.

Arlys alizishika nywele kati ya vidole. "Leo haziwezi dawa nyingine. Zitakatika zote. Njoo kesho saa tatu asubuhi, nitakutengeneza kabla ya picha yako."

Alilisema kabla ya kulisikia. Saluni nzima ilimtazama. Saa tatu asubuhi ndiyo aliyotakiwa kuondoka na insha ili afike saa nne.

"Nitampigia mwalimu," akasema. "Nitamwomba."

"Alishasema haongezi hata dakika," nikamwambia.

"Nitamwomba, Berna."

Coralee alifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba, akaondoka.

Ijumaa nilifika saa mbili na nusu nikamkuta Arlys ndani, amevaa aproni, anakoroga rangi kwenye bakuli. Bahasha ilikuwa kwenye kaunta. Nilikasirika kiasi cha kutaka kumpiga na beseni.

"Umeongea na mwalimu?"

"Hapokei simu."

"Basi nenda. Mwache Coralee avae kofia."

"Kwenye albamu ya kanisa? Kwa miaka mitano?" Akaendelea kukoroga. "Siwezi kumwacha mtu kichwa kikiwa hivyo. Ndivyo nilivyo, Berna, na imeshaandikwa hata kwenye insha."

"Na watoto je?"

Alikuwa akilia ndani ya bakuli la rangi, na mimi nikaanza kulia kwa hasira, tukiwa watu wazima wawili katika duka tupu.

Saa tatu kasoro dakika tano tulisikia honi. Si ya kubonyeza na kuachia, ya kuegemea. Ilianza huko kwenye maghala ya mahindi ikaja na barabara yote, watu wakitoka benki na posta kutazama. Gari la Coralee likasimama mbele ya mlango wetu, injini ikiwaka. Coralee alishusha kioo. Hakuwa na kitambaa wala kofia. Jua lilimpiga kichwani, na nakuambia boga lenyewe lingeona wivu.

"Ingia," akamwambia Arlys.

"Coralee, shuka nikutengeneze. Rangi iko tayari."

"Kwenda dakika hamsini, kurudi dakika hamsini. Saa tano niko mbele ya kamera. Ingia."

"Na nywele?"

"Nywele ndizo hizi. Ingia, Arlys, kabla sijakufunga kamba kama ng'ombe."

Arlys alisimama mlangoni na bakuli mkononi. Nilimnyang'anya bakuli, nikamsukumia bahasha kifuani, nikampiga kofi la mgongo hadi akafika kwenye gari. Aliondoka na aproni, na honi ikaanza tena.

Alikabidhi saa nne kasoro dakika nane. Cheti kilikuja wiki ya pili ya Juni, na tulikitundika ukutani juu ya draya ya katikati. Agosti shule ilipofunguliwa watoto walikuwa wale wale kwenye benchi, isipokuwa Yaretzi, aliyekuwa ameenda chuo na alituandikia kila mwezi barua za kuinua kofia.

Albamu ya kanisa ilitoka Oktoba. Coralee yuko ukurasa wa sita. Delmar amevaa tai, anatazama mbele kama mume aliyeonywa asiseme neno, na pembeni yake kichwa cha mkewe kinawaka. Mpiga picha, kijana wa kutoka Omaha, alikuwa amemwambia kwa upole kwamba wanaweza kuahirisha, au ampige picha isiyo na rangi.

"Hapana, mwanangu," Coralee akamwambia. "Mara ya kwanza zilipokuwa hivi nilitengenezwa, na aliyelipa ni mwenzangu. Piga."

Akakaa wima, akatabasamu, na kijana akapiga.